Jiwe Langu Kwenye Foleni ya Bafta

Haboba hakuogopa kufa. Alichoogopa ni kuzikwa na nguo ya rangi. Haboba ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, na huyu wangu, mama mzaa baba, alinilea tangu nilipoachishwa ziwa. Kiangazi kile, mwaka mmoja kabla ya vita vya sabini na tisa, tumbo lake lilivimba upande mmoja. Daktari akamgusa mara mbili, akanawa mikono, akasema mama arudi nyumbani apumzike. Haboba alielewa. Tulipofika mlangoni kwetu, Arua, akaniambia kwa Kiswahili chetu cha huku, kile kisichojali sana mambo ya shule: "Mimi nataka bafta nyeupe. Mupya. Yadi nane iko tosha, mimi nimepungua."

Akacheka mwenyewe. Mimi nilishindwa kucheka.

Miaka ile ya sabini nguo nyeupe ilikuwa kama ndoto ya mtu mwingine. Sukari ilikuja na kupotea, sabuni ilikuja na kupotea, lakini bafta ya sanda ilipotea tu. Watu walizikwa na mapazia, na vitambaa vya meza. Haboba alikwenda kuosha maiti nyingi mtaani, hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake, na kila aliporudi alikuwa na hasira. "Leo tumezika mutu na mistari ya bluu," alikuwa akisema. "Kama godoro!" Kwa hiyo nilijua ananiomba nini. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, kidato cha juu kabisa, na kichwa changu kilijaa hesabu na kiburi, viwili hivyo vikilala kitanda kimoja. Nikamwambia: "Haboba, nitaileta."

Hazikupita wiki mbili, Mungu si Athumani, bale la bafta, robota zima, likashushwa kwenye duka moja la barabara ya sokoni. Mwenye duka alikuwa sajini mstaafu. Aliendesha biashara yake kama gwaride: saa mbili asubuhi mlango wazi, saa kumi mlango umefungwa, kila mtu kipande kimoja cha yadi nane, na anakipima mwenyewe polepole, kwa sababu alikuwa na mkono mmoja mzuri na mwingine wa kushikia tu.

Kando ya barabara ile palikuwa na matofali yaliyozikwa nusu, yamepakwa chokaa, safu moja ndefu kutoka ngazi ya duka hadi karibu na uwanja. Hayo ndiyo yalikuwa foleni yetu. Tofali moja, mtu mmoja. Tofali la mbele yako likiwa tupu, unasogea. Likiwa na mtu, unakaa. Hakuna kuruka, hakuna kupita pembeni. Na kwa kuwa foleni ilichukua siku kadhaa, na watu wana watoto na masufuria, tulikuwa na desturi ya jiwe. Ukitaka kuondoka unaweka jiwe lako juu ya tofali, na jirani yako wa nyuma anakuwa na deni la heshima: mbele ya jiwe lako pakipatikana nafasi, yeye ndiye analisukuma, kisha yeye ndiye anasogea. Jiwe lina haki zote za mtu isipokuwa moja tu. Likifika tofali la mwisho, chini ya ngazi, na mwenyewe hayupo, sajini anapiga kelele, "Jiwe nje!" na linatupwa mtaroni.

Jirani yangu wa nyuma alikuwa mama mmoja mkulima kutoka Lobule, amekuja kwa baiskeli, mwembamba, mpole, na miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu ambalo hata maji ya mwezi mzima yasingelitoa. Alitaka bafta ya mume wake. Mume alikuwa mzima kabisa. "Lakini ni mzee," aliniambia, "na mimi sipendi kushtukizwa."

Siku ya kwanza nilikaa pale mchana kutwa. Jua la kiangazi huko kwetu halichomi kwa ghafla, linakuingia pole pole mpaka mawazo yanalegea. Vumbi lilining'inia hewani, na nilipofumba macho kidogo watu waligeuka vivuli vinavyopumua. Nikaanza kuona jambo. Tofali la mbele likiwa tupu, mtu hasogei papo hapo. Mmoja ananyonyesha, mwingine amesinzia, mwingine yumo katikati ya hadithi na hataki kupoteza kilele chake. Kila mtu ana saa yake kifuani, na hakuna anayejua itagonga lini. Na pengo, lile tofali tupu, lilikuwa linatembea! Watu wanakwenda mbele, pengo linarudi nyuma, tofali hadi tofali, likifika kwangu nalikalia, linapita kwa mama wa Lobule, linaendelea zake kuelekea uwanjani kama mgeni asiyetaka chai. Niliona raha ambayo siwezi kuieleza. Nikatoa daftari, nikaandika mstari kila robo saa: nukta kwa mtu au jiwe, duara kwa tofali tupu.

Jioni nilimsomea haboba daftari langu. Alikuwa amelala ubavu, lakini mikono yake ilikataa kulala. Alikuwa na mkeka kifuani, wa ukindu, ule wa kusukwa kimshazari, ambao ukingo wake haunyooki hadi mwisho: unapanda, unashuka, unapanda. Nilimwambia habari za pengo linalorudi nyuma. Akasikiliza macho yamefumbwa.

"Soma tena," akasema. "Anza nyuma, kuja duka."

Nikasoma: mtu, mtu, tupu, mtu, tupu, tupu.

Vidole vyake vikaanza kutembea ukingoni. "Mutu ni ukindu ya kushuka," akasema. "Tupu ni ukindu ya kupanda. Sasa sema, nani ametembea?"

Nikamwambia wa pili ameingia kwenye tupu iliyo mbele yake. Akacheka kimya kimya, akanionyesha. Pale kwenye mkeka palikuwa na bonde: ukindu mmoja unashuka, mwingine unapanda. Akaingiza jani moja, bonde likajaa, likawa kilima kidogo. "Mimi nasuka kwa bonde tu," akasema. "Kwa kilima siwezi. Na mutu yako anatembea kwa tupu tu. Iko kitu moja."

Wallahi nywele zilinisimama. Foleni nzima ya sokoni ilikuwa kifuani pa haboba, inakua kwa kwenda juu. Kila mtu aliyesogea alikuwa jani moja la mkeka. Tulikaa hivyo mpaka magharibi ilipoadhiniwa, mimi nasoma, yeye anasuka, na nakumbuka nilifikiri, astaghfirullah, kwamba nilikuwa na furaha.

Siku ya pili haboba alitaka majani ya kuchemsha kwa ajili ya maumivu, yale yanayoota juu ya Kilima cha Arua, basi nikamwachia mama wa Lobule jiwe langu, nikapanda. Juu kule niligeuka kutazama mji. Watu hawakuonekana tena. Sajini hakuonekana. Palionekana uzi tu, mweusi hapa, mwepesi pale, na nilipoutazama kwa muda, ule weusi ulikuwa unahama, polepole, laini, kama kivuli cha wingu juu ya shamba la mtama. Hapakuwa na kusinzia wala kunyonyesha wala hadithi. Mambo yote yale ya bahati yalikuwa yameyeyuka yakawa mwendo mmoja mtulivu ambao mtu angeweza kuuandikia hesabu.

Miaka mingi baadaye, mbali sana na Arua, nilikutana na watu wanaofanya kazi hiyo maisha yao yote. Wana chembe zinazozuiana njia badala ya watu, na kingo zinazokua kwa bahati nasibu badala ya mikeka. Wanafanya nilichofanya kwa kupanda kilima: wanarudi nyuma, wanaufinya umbali mara elfu, wanaukimbiza muda mara elfu, mpaka chembe mojamoja zinapotea na kunabaki mstari laini unaofuata sheria. Kuna wimbi la msongamano, lipo kweli, na linaweza kukokotolewa. Nilipoliona ubaoni kwa mara ya kwanza nilitoka nje ya darasa nikasimama ukumbini. Mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni joto. Ilikuwa baridi kali.

Lakini siku ile kilimani nilikuwa na nusu ya elimu, na nusu ya elimu ina kelele kuliko nzima. Nilishuka na majani mkononi, najiona mtume. Nikafungua daftari. Nukta yangu, mchana kutwa siku ya kwanza na sehemu ya siku ya pili, ilikuwa inasogea matofali kumi na mawili kwa saa, kwa wastani. Wakati mwingine tisa, wakati mwingine kumi na tano, lakini wastani ulinyooka kama rula.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, jiwe langu lilikuwa kwenye tofali la sabini na mbili kutoka ngazini. Sabini na mbili gawa kwa kumi na mbili: mwendo wa saa sita. Nitafika chini ya ngazi saa tisa alasiri. Haboba alikuwa amelala vibaya usiku wa kuamkia siku ile, na jirani aliyemwangalia alikuwa anataka kwenda Adumi kwenye gulio. Nikamwambia mama wa Lobule: "Mama, mimi nakwenda kwa mgonjwa. Saa tisa niko hapa."

"Kuja mapema, mwanangu," akasema. "Laini hii ya watu haina mwenyewe."

"Hesabu imeshasema."

Akanitazama kwa huruma. Akalivuta jiwe langu karibu na mguu wake kwa kidole gumba.

Saa zile za nyumbani ndizo bora nilizowahi kuishi, na hapo ndipo penye ugomvi ndani yangu mpaka leo. Maumivu yalikuwa yamempa likizo. Dirishani kulikuwa na mwanga wa vumbi, wa dhahabu chafu, na kila kitu chumbani kilionekana kimewekwa chini ya maji: kanzu yake msumarini, birika, ule mkeka. Hatukuwa na habari mpya ya foleni, basi tuliibuni. Mimi nilifumba macho na kusema, "Sasa yule mwenye kofia amesogea," na yeye akajaza bonde. "Sasa mwenye mtoto." Bonde jingine. Akaniambia habari za babu, askari mrefu ambaye hakuweza kulala kitanda chochote cha kwao Koboko bila miguu kuchungulia nje. Akaniambia azikwe Koboko, karibu naye, lakini si karibu sana, maana alikoroma. Tukacheka mpaka akashika tumbo.

Mwadhini alipoita adhuhuri akaniambia, "Sasa nenda."

"Bado, haboba. Saa tisa."

"Ngoja ngoja yaumiza matumbo. Nenda ukakae kwa jiwe yako."

"Nikienda sasa nitakaa juani bure. Hesabu haidanganyi."

"Mm," akasema, na akaendelea kusuka.

Niliondoka saa tisa kasoro dakika kumi. Nilitembea bila kukimbia. Hilo ndilo linalonitia hasira zaidi, jamani, kwamba sikukimbia hata hatua moja. Nilifika ngazini saa tisa kamili, najipongeza, na jiwe langu lilikuwa mtaroni.

Mama wa Lobule alikuwa amesimama kando, bafta imekunjwa kifuani, uso wake umesawajika. Saa tisa kasoro robo jiwe lilikuwa limefika tofali la mwisho. Alimsihi sajini. Alimwambia mwenyewe yuko njiani, ana mgonjwa. "Jiwe nje!" akasema sajini, kama alivyowaambia wengine wote. Baada ya jiwe langu waliuziwa watu watatu tu, yeye wa kwanza wao, na bale likaisha. Robo saa. Matofali matatu.

Na mnajua aliyelifikisha pale kabla ya wakati ni nani? Ni yeye. Kila pengo lililopita, yeye alikuwa macho, hakusinzia hata mara moja, alilisukuma jiwe langu papo hapo kwa sababu aliahidi. Laiti angekuwa mvivu kidogo tu. Laiti angekuwa jirani mbaya, ningefika na kulikuta jiwe linaningoja.

Leo naweza kuwaambia hata ukubwa wa kosa langu. Mstari ule laini wa kilimani ni kweli, lakini juu yake kuna mtetemo usiofutika. Katika kurusha shilingi, ukingoja mara nane zaidi, kosa linakua karibu mara tatu. Katika foleni ambamo watu wanazuiana njia, linakua mara mbili tu. Kuzuiana kwenyewe kunawatuliza. Ndivyo pia ukingo wa mkeka unavyotetemeka unapokua. Ni kosa dogo, la aibu kwa udogo wake. Kwa foleni yetu, mawe matatu ndiyo hasa mtu angetegemea. Sikukosea hesabu. Nilikosa adabu ya kuacha nafasi ya mawe matatu.

Mama wa Lobule akafungua bafta yake pale pale barabarani, akatafuta katikati kwa mikono. "Twende nusu kwa nusu," akasema. "Yadi nne si haba. Mzee wangu bado anakula ugali vizuri."

Nikakataa.

Sikukataa kwa wema, msinipambe. Nilikataa kwa sababu uso ulikuwa unaniwaka moto, kwa sababu nusu yake ingekuwa ushahidi. Nikamwambia kwamba sajini amesema bale jingine litakuja wiki ijayo, nitapata nzima. Sajini alikuwa amesema labda. Yule mama aliikunja tena nguo, akaifunga nyuma ya baiskeli, akanipa mkono. Nilimtazama akisukuma baiskeli kuelekea barabara ya Koboko mpaka vumbi likamla.

Haboba alikuwa macho nilipoingia. Aliitazama mikono yangu kwanza, kabla ya uso. Nilimweleza yote, wastani, robo saa, matofali matatu, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ikimfundisha, ebo, ikimfundisha mwanamke anayekufa kwamba nilikuwa karibu kupatia.

Akauweka mkeka kando.

"Mimi sikukutuma hesabu," akasema. "Nilikutuma nguo."

Hakupiga kelele. Baadaye kidogo akaniomba maji, nikampa, akaninawisha uso kwa mkono wake uliolowa kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. Nililia kama mtoto, kwa sauti. Sikumwambia habari ya nusu niliyoikataa. Sikumwambia mtu yeyote, hadi hapa.

Bale jingine halikuja. Nilikwenda kila asubuhi, nikakaa kwenye tofali la kwanza, chini ya ngazi, peke yangu, na mbele yangu mlango uliofungwa. Wiki ya tatu haboba akasema anataka Koboko. Tukamlaza nyuma ya pikapu juu ya magodoro mawili, kichwa chake mapajani mwangu, na njia nzima alikuwa akiuliza miti ile ni ya wapi, akiwa ndani ya usingizi ambao haukuwa usingizi. Alikaa siku nne kwa shangazi yangu. Ya tano, alfajiri, alivuta pumzi na hakuitoa.

Koboko yote hapakuwa na nguo nyeupe. Shehe akasema nguo yoyote safi inatosha, Mungu hatazami rangi, na alikuwa sahihi, na wanawake wote chumbani tuliinamisha vichwa maana tulijua marehemu angembishia. Shangazi akafungua sanduku lake la arusi, akatoa mashuka mawili. Yalikuwa safi. Yalikuwa na maua, mekundu, makubwa, kila moja na majani yake ya kijani.

Walimwosha. Mimi nilipewa mkasi, kwa sababu nilikuwa na mikono thabiti na nilijua kupima. Vipande vitano, kama inavyotakiwa kwa mwanamke. Nilipofika kipande cha kichwani nilisimama. Nikalitandaza shuka sakafuni, nikapiga magoti, nikaanza kutafuta mahali ambapo maua hayakugusana. Wanawake walinisubiri. Mmoja akasema, "Binti, jua linapanda," mwingine akamwambia aniache. Nilipima kwa kiganja, nikageuza shuka, nikapima tena. Palikuwa na sehemu moja tu nyeupe tupu, karibu na pindo. Nikakata kuizunguka, nikaacha nafasi ya kutosha kila upande, safari hii nikaacha, kisha nikamfunika mwenyewe na kuisogeza pole pole mpaka ikakaa usoni pake.

Ile nyeupe ilitosha paji la uso na jicho moja.